SOMO: Gia za pikipiki zinagoma kuingia? Pitia haya kabla hujaruhusu injini ipasuliwe

Wakuu, bodaboda akilalamika kijiweni kwamba gia zake ni ngumu, jibu huwa liko tayari: "Gia zimeisha hizo, pasua injini." Asubiri kwanza. Kwenye hizi pikipiki za cc 100 hadi 150, ugomvi mwingi wa gia chanzo chake ni klachi, waya wake au oili, na hivyo vyote vinakaguliwa bila kugusa boksi ya gia. Nafuata mpangilio wa kutoka kisicho na gharama kwenda kwenye gharama.

1. Sikiliza inagomaje. Ni gia zote au moja? Ikiwa baridi au ikishapata moto? Kupanda au kushuka? Je, nyutro inakataa ukiwa umesimama kwenye taa, halafu ukizima injini inaingia kirahisi? Hiyo ya mwisho maana yake klachi haikati, yaani umeshika mkono wa klachi lakini nguvu ya injini bado inafika kwenye gia. Gia moja inayoruka, tena ile ile kila siku, ni kesi nyingine, nitaifikia.

2. Jaribio la tairi. Zima injini, simamisha kwa stendi ya kati, tairi la nyuma liwe hewani. Zungusha tairi kwa mkono mmoja huku mwingine ukibonyeza pedali, gia moja moja. Wengi wanakosea hapa: wanabonyeza tairi likiwa limesimama, gia ikikataa wanatangaza ubovu. Meno yanayofungana ndani ya boksi yanahitaji kuzunguka kidogo ili yakutane na nafasi zake, kwa hiyo kukataa tairi likiwa tuli ni kawaida. Zikiingia zote laini injini ikiwa imezimwa, halafu zinagoma ikiwa inawaka, achana na boksi. Mkosaji ni klachi.

3. Pedali ya gia. Itikise kwa mkono. Ikicheza kwenye shafti, bolti imelegea au meno yake yamelika. Unabonyeza sana na shafti inageuka kidogo. Ikaze mapema, maana ukiendelea hivyo inakula na meno ya shafti, na shafti haitoki bila kufungua injini. Angalia pia kama pedali ilipinda pikipiki ilipoanguka na sasa inagusa kava au sehemu ya kuwekea mguu. Na ndala, jamani! Mguu wenye ndala unabonyeza nusu, gia inaingia nusu, kisha inaruka.

4. Waya wa klachi. Mkono wa klachi unatakiwa kuwa na ulegevu wa takribani milimita 10 hadi 20, ukipima nchani, kabla hujaanza kuvuta uzito. Ulegevu ukizidi, klachi haikati. Usipokuwepo kabisa, klachi inateleza na pleti zinaungua. Rekebisha kwa nati ya juu kwenye usukani. Ikifika mwisho, hamia ya chini kwenye injini. Kisha geuza usukani kushoto na kulia. Ulegevu ukibadilika, waya umepitishwa vibaya. Nyuzi zikianza kukatika kwenye kichwa cha waya, nunua mpya, usipake grisi ukajifariji.

Hakikisha sasa: kwenye tambarare, injini ya moto, tia namba moja huku umeshika klachi yote, breki umeachia. Pikipiki isisogee. Ikijikokota, klachi bado haikati.

5. Oili. Pikipiki hizi zinatumia oili moja kwa injini, boksi ya gia na klachi inayoogelea humo humo. Ndiyo maana oili ya gari ya petroli yenye viungo vya kupunguza msuguano inaweza kuifanya klachi iteleze. Kwenye kopo tafuta maandishi JASO MA au MA2, na uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki yako. Oili iliyochakaa au iliyopungua inafanya gia kuwa nzito, lakini kujaza kupita alama si tiba.

6. Silensa na mnyororo. Silensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujagusa mafuta (si bomba la moshi), ikiwa juu, namba moja inaingia kwa kishindo, ishushe. Mnyororo uliolegea unapiga kila unapobadilisha gia, na watu wanadhani ni boksi. Pikipiki nyingi zinataka ucheze kati ya milimita 20 na 30. Upime sehemu kadhaa huku ukizungusha tairi, kwa sababu mnyororo mkuukuu haulingani.

7. Kava ya klachi. Ukifika hapa bado hujapasua injini. Toa pleti. Zile za chuma zilaze juu ya kioo: iliyopinda utaiona, na iliyoungua ina rangi ya bluu. Kagua kingo za kikombe cha klachi. Pleti zikiwa zimechimba vijishimo, zinanasa humo na klachi haiachi vizuri. Vijishimo vidogo vinasawazishwa kwa tupa, vikiwa virefu badilisha kikombe. Springi badilisha zote kwa pamoja.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asubuhi nikitia namba moja inapiga "ko!" na kuruka mbele. Ni ubovu?
Pleti zimelala usiku kucha zikashikana kwa oili. Kabla ya kutia gia, vuta na kuachia klachi mara kadhaa. Mlio mdogo ni kawaida. Ikiendelea hata ikiwa ya moto, rudi hatua ya 4.

Fundi kaweka pleti mpya, sasa klachi haikati kabisa.
Muulize kama alizilowesha kwenye oili kabla ya kuzifunga, kama idadi ni ile ile, na kama waya ulirekebishwa upya. Mara nyingi ni waya.

Yangu haina klachi ya mkono, gia ngumu. Nirekebishe nini?
Kwa zile za muundo wa Honda kuna skrubu kwenye kava ya klachi. Injini ikiwa imezimwa, legeza nati yake, zungusha skrubu mzunguko mmoja kufuata saa, irudishe polepole hadi usikie ukinzani, kisha ifuate saa tena kwa moja ya nane ya mzunguko. Shika skrubu isigeuke, kaza nati.

Mwenzangu anapanga gia bila kushika klachi, anasema haina shida.
Ataona shida.

Namba mbili inaruka nikipanda mlima na abiria. Nimepitia hatua zote.
Hapo pole, ni ndani. Kona za meno ya gia zimekuwa duara au foko inayoisukuma imepinda, hivyo mzigo ukizidi inachomoka. Usibadilishe gia peke yake: badilisha na ile inayoshikana nayo, na foko ipimwe. Mwambie fundi akupe vile vya zamani mkononi. Kona zikiwa bado kali, muulize ameona nini hadi akavitoa.