Jinsi ya kuwa kiongozi ambaye watu wanamwambia ukweli

Mi nina kipimo kimoja tu cha kiongozi mzuri: habari mbaya inamfikia haraka kiasi gani. Basi. Sauti nzito na kujua kuhutubia ni mapambo, wapo wanaoongea hadi unasisimka ila ofisini kwao mambo yanafichwa miezi na bosi ndo wa mwisho kujua. Kwa hiyo ukitaka kuandika falsafa yako ya uongozi (kuna usaili wanakuuliza kabisa) usianze na uadilifu na maono, kila mtu anayaandika hayo, anza na swali hili: mtu wa chini kabisa kwenye timu yangu akigundua leo kitu kimeharibika, ataniambia leo leo au atasubiri nigundue mwenyewe?

Kama atasubiri, anza na sura yako. Sitanii. Mtu akileta habari mbaya anakuangalia usoni kabla hajamaliza kuongea, ukinuna tu au ukauliza "nani kafanya hivi" ushamfundisha yeye na wote atakaowasimulia (na atawasimulia, mchana huohuo) kwamba kwako bora kunyamaza. Jizoeze la kwanza kutoka mdomoni liwe "asante kwa kuniambia mapema", la pili "tunafanyaje sasa", hayo ya nani na kwa nini yaje baadaye, na yaulizwe faragha. Simaanishi uwe mlaini. Mzembe anayerudia rudia achukuliwe hatua, ila kwa uzembe wake, sio kwa kuusema, na anayeficha awe na kosa kubwa kuliko aliyeharibu. Hili litangaze kabla halijatokea.

Kikaoni ongea mwisho. Kusema rahisi ila wenye vyeo inawashinda kweli kweli, maana ukishasema "mi naona tufanye hivi, nyie mnaonaje" kikao kimeisha hapo, watakuitikia tu. Waanze wale wapya, af wenye uzoefu, af wewe. Na usiulize "kuna tatizo?", jibu lake siku zote ni hamna. Uliza "kitu gani kinaweza kutuharibia hii kazi?", hapo mtu anajiona anasaidia, halalamiki.

Ukidhani nakuza mambo, angalia yaliyotokea Marekani kwa chombo cha anga cha Challenger. Usiku wa kuamkia 28 Januari 1986 mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walisema kabisa baridi imezidi, zile ringi za mpira zinazoziba viungo zinaweza zisifanye kazi, kisirushwe. Watu wa NASA, shirika la anga la Marekani, waliokuwa nao kwenye simu hawakuupenda ushauri ule, mabosi wa kampuni wakajitenga kujadili, wakageuza msimamo, na wale wa juu kabisa waliotoa ruhusa ya mwisho hawakuambiwa kama kulikuwa na mabishano. Sekunde 73 baada ya kuruka kikasambaratika, wote 7 waliokuwemo wakafa. Yani taarifa ilikuwepo, ikakwama kati ya cheo na cheo.

Ndo maana usitegemee ripoti za wasaidizi wako peke yake, shuka mwenyewe uongee na wanaoshika kazi. Ila ukishasikia usitoe amri palepale ukamruka msimamizi wao, utamvunjia heshima na atahakikisha safari nyingine hukutani nao bila yeye kuwepo.

Kuwapa watu sifa zao na wewe kubeba lawama mbele za wakubwa sihitaji kueleza, unajua.

Kinachosahaulika ni kurudisha jibu. Mtu kakwambia kitu, umekipima, umeamua kutokifuata, haki yako, ila mwambie, hata kwa meseji, kwamba ulichosema nimekisikia na nimeamua tofauti kwa sababu hii na hii. Akae na sababu yako, hata kama haimpendezi, sio akae anahisi aliongea na ukuta.