Jino lenye ufa: namna ya kulitambua na kulitibu kabla halijapasuka

Dalili ya kuishika kuliko zote ni hii: jino linauma zaidi unapoachia kuliko unapong'ata. Unabana kipande cha nyama, taya inapofunguka maumivu makali yanapita kwa sekunde moja au mbili, kisha kimya. Maji baridi nayo yanashtua upande huohuo. Ukitazama kwenye kioo huoni tundu, na ukiulizwa ni jino lipi unaonyesha eneo tu.

Kinachotokea ni kwamba pande mbili za ufa hufunguka kidogo kwa uzito wa mng'ato, halafu hurudiana ghafla unapoachia. Majimaji yaliyomo kwenye vijitundu vya dentini, tabaka lililo chini ya ganda gumu la nje la jino, husukumwa, na neva za kiini cha jino hushtuka. Kiini chenyewe kinajua kuuma lakini hakijui kuelekeza mahali, ndiyo maana wapo wanaoonyesha taya ya juu wakati mgonjwa ni gego la chini.

Magego ya chini ndiyo yanayoongoza kwa nyufa, na magego madogo ya juu nayo hayako nyuma. Anza kulishuku jino lililozibwa zamani kwa amalgamu ya rangi ya fedha, hasa kama kizibo ni kikubwa na kimepita kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, kwa sababu kuta zilizobaki ni nyembamba. Hapo panatosha jiwe moja kwenye maharage, punje ngumu ya bisi, mfupa, barafu, au chupa ya soda iliyofunguliwa kwa meno. Wanaosaga meno usingizini hawahitaji hata jiwe.

Kujipima nyumbani

Nawa mikono, kunja kipande cha pamba kilicholoweshwa kiwe na unene wa penseli, kiweke juu ya jino moja tu, ng'ata polepole kisha achia haraka. Nenda jino kwa jino. Likichoma wakati wa kuachia, andika ni lipi na uishie hapo. Usirudie kila saa kujihakikishia, maana kila mng'ato unausukuma ufa mbele kama kabari kwenye gogo.

Andika pia maumivu ya baridi yanadumu muda gani. Yakiisha ndani ya sekunde chache, kiini huenda bado kinaokoka. Yakiendelea nusu dakika au zaidi, au jino likikuamsha usiku bila kuguswa, kiini kimeshavimba kiasi cha kutorudi. Tofauti hiyo ndiyo itakayoamua matibabu, kwa hiyo mweleze daktari hata asipouliza.

Si kila maumivu ya kung'ata ni ufa. Jino lililozibwa wiki hii likiuma unapobana, mara nyingi kizibo kiko juu mno na kinahitaji kupunguzwa, kazi ya dakika chache. Meno kadhaa ya juu yakiuma pamoja, na zaidi unapoinama, fikiria sainasi, yaani vijumba vya hewa vilivyo kwenye mifupa ya uso juu ya meno hayo. Jino unalohisi limerefuka na linauma likigongwa kidogo huenda lina usaha au liko njiani kuwa nao.

Kabla ya kufika kliniki

Tafunia upande mwingine, kula vitu laini, epuka cha baridi sana na cha moto sana. Sukutua kwa maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja. Endelea kupiga mswaki hapo, taratibu.

Kwa mtu mzima, ibuprofen miligramu 400 baada ya chakula kila saa 8 inasaidia. Usiinywe ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, ujauzito, au pumu inayochochewa na aspirini. Mbadala ni paracetamol, vidonge 2 vya miligramu 500 kila saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Angalia na dawa za mafua unazotumia, kwani nyingi zina paracetamol ndani.

Karafuu ina nafasi yake, ila kwa adabu. Tone moja la mafuta kwenye pamba, likamuliwe, liguse jino kwa sekunde chache bila kuenea kwenye ufizi, kwa sababu linaunguza. Kutafuna karafuu nzima kwa jino lenye ufa ni kulimalizia kazi. Mwambie daktari umeitumia, kwani mafuta hayo huzuia baadhi ya dawa za kuzibia zisigande vizuri. Aspirini iliyopondwa kwenye ufizi, gundi ya dukani na maji ya betri visikaribie mdomo.

Kipande kikikatika, kihifadhi kwenye maziwa, kwani mara nyingine hugundishwa tena. Ncha inayokata ulimi ifunike kwa nta ya meno au bazoka isiyo na sukari hadi utibiwe.

Antibiotiki haigusi ufa. Amoksilini inayonunuliwa kwa kubahatisha haiponyi kiini kilichovimba, inakula siku tu. Ila uvimbe wa shavu au chini ya taya, homa, mdomo kushindwa kufunguka, ugumu wa kumeza au kupumua ni safari ya hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Daktari anavyoutafuta ufa

Picha ya eksirei ikitoka safi, usikubali iwe ndiyo mwisho wa mazungumzo. Nyufa nyingi za magego hukimbia kutoka mbele kwenda nyuma, yaani sambamba na filamu ya picha, kwa hiyo hazionekani. Picha ni ya kutazama mzizi na mfupa.

Kinachouonyesha ufa ni vipimo vingine. Kifaa kidogo cha plastiki huwekwa kwenye kilele kimoja cha gego, yaani nundu moja ya sehemu ya kutafunia, kwa wakati ili ung'ate na kuachia. Taa kali humulikwa ubavuni, na mwanga hukatika pale ufa ulipo. Rangi ya bluu hupakwa na kuingia kwenye mstari. Mara nyingi kizibo cha zamani hutolewa kabisa ili sakafu yake ionekane. Kisha kuna kipimo cha ufizi, ambapo kijiti chembamba huingizwa kati ya jino na ufizi: kina cha kawaida ni milimita 1 hadi 3, na kijiti kikizama ghafla milimita 6 au zaidi mahali pamoja pembamba, ufa huenda umeshashuka kwenye mzizi. Hiyo ni habari mbaya kuliko ukali wa maumivu.

Matibabu hufuata kina cha ufa

Mistari myembamba ya enameli, ganda gumu la nje, kwenye meno ya mbele, isiyouma, huachwa. Kilele kilichokatika juu ya ufizi huzibwa au hufunikwa, na kwa kawaida jino linabaki salama.

Ufa unaoshuka kuelekea kiini, kiini kikiwa bado hai, kwanza hufungwa. Jino huzungushiwa ukanda wa chuma au huvalishwa kofia ya muda, na vilele hupunguzwa ili jino la upande wa pili lisilipige. Baada ya wiki 2 hadi 4, maumivu yakiwa yametulia, huwekwa krauni, kofia ya kudumu inayofunika vilele vyote. Ukiambiwa kuwa kizibo cha kawaida kinatosha, uliza kitazizuiaje kuta zisifunguke. Krauni nayo si dhamana: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007 ulikuta kwamba takriban jino moja kati ya matano ya aina hii lilihitaji matibabu ya mzizi ndani ya miezi 6. Jino likianza kuuma chini ya krauni mpya, rudi mapema.

Kiini kikiwa kimeshavimba bila kurudi, au kimekufa, hutolewa na mifereji ya mizizi husafishwa na kuzibwa; hayo ndiyo matibabu ya mzizi. Hapa ndipo meno mengi hupotea, na si kwa kosa la matibabu. Maumivu yanakwisha, mgonjwa anaona amepona, fedha ya krauni inapelekwa kwenye ada za shule. Lakini ufa haujaenda popote. Kilichoondoka ni neva iliyokuwa ikikuonya, na sasa unatafunia jino dhaifu bila kujua. Siku linapogawanyika hadi mzizini, hakuna cha kuziba. Kwa hiyo kabla ya kuanza, uliza gharama ya mzizi na krauni kwa pamoja, na bima yako inalipia kipi. Kama fedha haitoshi kwa sasa, omba angalau vilele vipunguzwe na vifunikwe kwa kizibo imara wakati unajipanga.

Jino lililogawanyika vipande viwili vinavyocheza kila kimoja peke yake, au mzizi uliopasuka wima, kwa kawaida hung'olewa. Gego lenye mizizi zaidi ya mmoja linaweza kuondolewa mzizi mbovu tu, kama mtaalamu yupo.

Vituo vingi vya karibu vina koleo na ganzi tu, na jibu la haraka ni kung'oa. Kama jino halichezi na hakuna uvimbe, una nafasi ya kuomba rufaa au kwenda kliniki nyingine ndani ya siku chache. Uliza mambo matatu: kiini kiko hai, kina cha ufizi ni milimita ngapi, na ufa unaishia wapi.

Ukiamka na taya imechoka au umeambiwa unasaga meno usiku, tengenezewa kinga ngumu ya akriliki kwa kipimo cha meno yako, ivaliwe kila usiku. Itengenezwe baada ya krauni kuwekwa, si kabla, kwa sababu umbo la jino litabadilika na kinga ya zamani haitaingia.