Nyota za hospitali Marekani: usichague pa kujifungulia kwa nyota peke yake

Ukiuliza kwenye kundi la WhatsApp hospitali ipi ni nzuri kwa kujifungua, kila mtu ataitetea ile aliyojifungulia yeye. Marekani unaweza kujiangalizia mwenyewe, bure.

Wengi huanza na Care Compare, tovuti ya Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa ya wazee), inayozipa hospitali nyota 1 hadi 5. Nyota huzingatia vifo, usalama, wagonjwa wanaolazwa tena, maoni ya wagonjwa na huduma kutolewa kwa wakati. Kwa mjamzito, mimi nisingezitegemea sana. Takwimu zake za vifo na za kulazwa tena zinatokana kwa sehemu kubwa na wagonjwa wa Medicare wa miaka 65 na kuendelea. Hospitali inayomtibu vizuri mzee wa moyo huenda leba yake ni ya kawaida tu. Hayo maoni ya wagonjwa nayo yana pengo: dodoso lake limetafsiriwa kwa Kihispania, Kichina, Kiarabu na lugha nyingine chache, Kiswahili hakimo. Mama asiyejua Kiingereza, aliyelala wodini bila kuelewa anachoambiwa, ni vigumu sauti yake kufika humo.

Kinachomhusu mjamzito hasa kiko kwenye tovuti ya Leapfrog, shirika lisilo la serikali. Fungua sehemu ya uzazi, utazame kiwango cha upasuaji kwa mimba ya kwanza isiyo na matatizo: mtoto mmoja, miezi imetimia, kichwa kiko chini. Lengo la kitaifa la 2030 ni asilimia 23.6. Hospitali ikizidi hapo kwa mbali, muulize daktari wako sababu kabla hujafika miezi ya mwisho. Humo pia utaona ni akina mama wangapi huongezewa njia, yaani hukatwa kidogo ukeni ili mtoto apite. Hospitali hujaza taarifa hizi kwa hiari, kwa hiyo nyingine utakuta hazijajibu. Nazo waulize wenyewe.

Halafu piga simu kwa kampuni yako ya bima uhakikishe hospitali hiyo imo kwenye orodha ya hospitali walizoingia nazo mkataba, na uwaambie hospitali mapema kwamba utahitaji mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia mkalimani bila malipo. Usikubali mwanao mdogo atafsiri.

Damu ikitoka ghafla, achana na tovuti, piga 911. Idara ya dharura inatakiwa ikupime hata kama huna bima.