SOMO: Mhusika wa udongo kwenye gemu ya RPG, zile za kuigiza mhusika (soma kabla ya kunifuata inboksi)

Wakuu, inboksi imejaa swali lilelile, yule mtu wa udongo kwenye gemu yangu nimemtengenezaje. Naandika mara moja, nikiulizwa tena natupa linki. Na msisingizie programu, Mason Lindroth alitoa gemu ya Hylics mwaka 2015, wahusika wa udongo mtupu, kwa RPG Maker VX Ace, programu ya kutengenezea gemu, hiyohiyo ninayotumia mimi.

1. Tumia plastisini, udongo wa kuchezea usiokauka. Wa mfinyanzi unakauka na kupasuka hujamaliza kupiga picha.

2. Waya laini wa alumini ndo mifupa, juu yake udongo. Miguu minene, asianguke.

3. Nyuma karatasi ya rangi ambayo mhusika hana.

4. Simu kwenye stendi, na HAPA TULIA. Mara ya kwanza nilipiga usiku kucha, asubuhi nazichezesha picha, jamaa anawaka na kuzima kama taa mbovu, mara wa njano mara wa bluu. Kumbe simu inajipimia mwanga na rangi upya kila picha, na mimi nimevaa shati jeupe, kila nikiinama kumsogeza mguu linaakisi mwanga usoni kwake. Nikafuta zote. Kwa hiyo zima otomatiki ya mwanga, ya rangi, ya fokasi. Funga pazia, vaa nguo nyeusi, tumia taima, USIBONYEZE simu kwa kidole, ikitikisika tu mtu wako anarukaruka.

5. Pozi 3 kila upande: mguu huu, kasimama, mguu ule. Ukizipanga (hatua ya 6), mstari wa juu anatazama chini, unaofuata kushoto, kulia, wa mwisho juu. Jumla picha 12.

6. Futa rangi ya nyuma, panga zote kwenye faili moja ya picha (PNG), jina lianze na $. Bila hiyo programu inadhani faili ina wahusika 8 na inamkatakata.

Maswali:

— Mkuu, udongo wa vyungu si sawa tu?
— Hatua ya 1.

— Wangu anawakawaka na nimefuata yote.
— Umezima otomatiki?
— Simu yangu mpya, haina mambo hayo.
— Haya, hongera.

— Za kushoto nikizigeuza ziwe za kulia si nabaki na picha 9?
— Kumbe kuna wanaosoma! Inawezekana, ila angalia kivuli. Taa ikiwa ubavuni, ukigeuza picha mwanga nao unahama, jamaa akigeuka ndani ya gemu ni kama jua limeruka upande wa pili. Weka taa juu katikati. Na kama ana kovu shavu moja piga zote 12, usibishane na kovu.

— Alama za vidole nazilainisha?
— Ziache. Zikibadilikabadilika ngozi inakuwa kama inachemka, ndo utamu wenyewe.

— Nyongeza: taa zikimlegeza, friji dakika kadhaa. Na anza na rangi nyeupe, nyeusi mwisho, nyeupe ikishashikwa na mkono wenye nyekundu hairudi tena.
— Ya friji sikuijua mkuu, leo najaribu. Wangu huwa anapiga magoti kufika picha ya 8.