Somo: Kuagiza vitafunwa vya pakiti kwa soko la kisiwa kidogo

Wengi wanaoanza huuliza kwanza bei ya katoni kiwandani. Mimi nakushauri uanze na kalenda na futikamba. Anayeagiza krispi (vipande vyembamba vya viazi vya kukaanga) anasafirisha hewa, tena hewa yenye tarehe ya mwisho.

Hatua ya 1: Hesabu siku

Chukua mfano wa krispi zinazodumu siku 180. Toa 15 za kusubiri kiwandani, 35 za baharini, 10 za kukaa bandari ya kati zikingoja meli ndogo (meli kubwa mara nyingi hazifiki visiwa vidogo), na 10 za forodha na ukaguzi. Zimebaki 110.

Sasa pima katoni: sentimita 40 kwa 30 kwa 30, yaani mita za ujazo 0.036. Kontena la futi 20 lina takriban mita za ujazo 33, lakini kwa upakiaji wa kawaida hesabu 28. Hapo zinaingia katoni 777. Ukiuza katoni 50 kwa wiki, zitakuchukua siku 109. Katoni ya mwisho inatoka stoo leo, kesho imeisha muda. Na hapo meli haijachelewa hata siku moja!

Bara, mzigo ukikudodea unapakia lori unaenda mji wa pili. Kisiwani, mji wa pili ni bahari.

Hatua ya 2: Changanya mzigo

Katoni yenye pakiti 48 za gramu 40 haifiki hata kilo 2 za krispi. Kontena linaloweza kubeba zaidi ya tani 20 limejaa kwa tani moja na nusu, na nauli umelipa ileile. Kwa hiyo agiza katoni kama 350 za krispi, nafasi iliyobaki ijaze biskuti na karanga zinazodumu mwaka mzima. Vizito chini, krispi juu, na agizo hilo liandike. Ukilisema kwa simu tu, utapokea unga wa viazi.

Hatua ya 3: Nambari ya HS na ushuru

Nambari ya HS ni nambari ya kimataifa ambayo forodha hutumia kupanga bidhaa. Usikubali neno "vitafunwa" tu kwenye ankara. Krispi za viazi vilivyokatwa huingia 2005.20, lakini zile za unga wa viazi uliokandwa huangukia 1905.90. Biskuti tamu ni 1905.31, karanga zilizokaangwa 2008.11. Ushuru wa nambari hizi unaweza kupishana, kwa hiyo muulize wakala wako wa forodha kabla ya kulipa kiwanda.

Nchi nyingi hutoza ushuru juu ya thamani ya CIF: bidhaa, bima na nauli kwa pamoja. Kwa krispi nauli ni sehemu kubwa ya thamani hiyo, maana yake unalipia ushuru hata ile hewa. Kisha VAT, kwa kawaida, inahesabiwa juu ya jumla hiyo pamoja na ushuru wenyewe.

Hatua ya 4: Lebo

Hapa ndipo nilipoumia. Pakiti zangu zilichapwa 05/09 na mwaka. Mimi nilisoma tarehe 5 mwezi wa tisa. Mkaguzi akaigeuza pakiti kwenye mwanga, akaniuliza, "Hii si tarehe 9 mwezi wa tano?" Kiwanda kilichelewa kujibu, na siku zote hizo kontena lilikuwa linahesabiwa storeji. Tangu hapo naagiza mwezi uandikwe kwa herufi, na kabla ya kulipa salio natumiwa picha ya pakiti halisi. Michoro ya kompyuta siitaki.

Hakikisha pia kuna jina la chakula, viambato, vizio (viambato vinavyowaletea mzio baadhi ya watu) kama karanga, maziwa na ngano, uzito halisi, nambari ya toleo (kundi la uzalishaji), mtengenezaji na nchi ilikotoka.

Hatua ya 5: Nyaraka na upakiaji

Ankara, orodha ya upakiaji, hati ya shehena, cheti cha asili na cheti cha afya: majina na uzito vifanane kote. Paleti za mbao ziwe na muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya kutibu mbao dhidi ya wadudu; mara nyingi mbao hupashwa joto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30 mpaka kiini. Ndani ya kontena ning'iniza mifuko ya kufyonza unyevu. Usiku bati hutoa jasho, na katoni ya juu ndiyo inayolowa.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mtaji wangu hautoshi kontena. Niingie kwenye kontena la kuchangia?*

Unaweza, ila kwa mzigo mwepesi kama krispi utalipishwa kwa ujazo, si kwa uzito. Uliza pia jirani yako humo ndani ni nani. Biskuti zilizosafiri na sabuni zinaonja sabuni.

*Sampuli nizilete kwa ndege?*

Pakiti chache, ndiyo. Katoni nzima, piga hesabu kwanza: wasafirishaji wengi hugawa sentimita za ujazo kwa 6,000 kupata kilo za kulipia, na kilo hizo zikizidi uzito halisi, unalipia hizo. Katoni yetu ya kilo 2 na ushei italipiwa kilo 6. Tena angani shinikizo hupungua na pakiti huvimba, kwa hiyo zisibanwe sana.

*Lebo iko kwa lugha isiyokubalika kwetu. Nibandike stika?*

Bandika kule kule kiwandani, kama sheria yako inaruhusu stika, na isifunike tarehe wala nambari ya toleo. Stika iliyofunika tarehe inaonekana kama wizi hata kama nia yako ni njema.

*Zimebaki wiki 3 na nina katoni 90. Nifanyeje?*

Shusha bei leo, ndugu yangu, usingoje wiki ya mwisho. Waambie wenye maduka tarehe waziwazi, na usiwape zaidi ya wanachoweza kuuza kwa siku 10.