Mtalaka wako kaacha kutoa matunzo aliyoamriwa na mahakama? Fanya hivi

Siku ile natoka mahakamani na karatasi yangu mkononi nilijua yameisha. Hakimu kasema atoe laki na nusu kila mwezi, basi atatoa. Akatoa miezi minne, wa tano akatuma elfu sitini, wa sita kimya, simu hapokei. Mimi nikakaa nasubiri mahakama imtafute. Nimesubiri miezi tisa jamani. Mahakama haimtafuti mtu, hakuna karani anayeamka asubuhi kuangalia nani kalipa nani hajalipa, ile hukumu ukiiweka kabatini itakaa kabatini mpaka wewe mwenyewe uende kuomba ikaziwe. Na ndio jina lake kimahakama, maombi ya kukazia hukumu, yaani kuomba mahakama imlazimishe atekeleze ilichoamua. Ukifika masijala taja hivyohivyo, usianze na "mume wangu wa zamani ananisumbua", watakusikiliza ila hawatakuwa na cha kukufungulia.

Haya naandika kwa Tanzania bara, kwa ndoa zinazoenda na Sheria ya Ndoa ya 1971. Zanzibar kuna Mahakama ya Kadhi na utaratibu wake.

Kabla hujatoka nyumbani isome upya amri yako, taratibu, ikiwezekana na mtu mwingine. Angalia inasema matunzo ya nani. Watu wengi wanachanganya matunzo ya mtalaka na matunzo ya mtoto, ni vitu viwili, ya mtoto yana Sheria ya Mtoto ya 2009 na huko hata ustawi wa jamii wanaingia, ila ya kwako wewe mtalaka yanadaiwa kwenye kesi yako ya ndoa. Angalia pia ni ya mpaka lini. Kama ndoa ilikuwa ya Kiislamu kawaida matunzo ya mke yanakwenda mpaka eda iishe, zaidi ya hapo mpaka mahakama ione sababu maalumu. Na ukishaolewa tena haki hiyo inakoma, kwahiyo kama umeolewa mwezi wa tatu usidai ya mwezi wa nne, unachodai ni yale ya nyuma tu ambayo hakulipa. Wanaume nao wasione haiwahusu, mahakama inaweza kumwamuru mwanamke mwenye uwezo amtunze mume ambaye hawezi kujitafutia riziki kwa ajili ya ugonjwa au ulemavu.

Kama talaka ilitoka na hamkugusia matunzo kabisa, sheria inaruhusu kuomba hata baada ya talaka, lakini hiyo ni kazi nyingine, huwezi kukazia amri ambayo haipo.

Ukishaelewa amri yako, omba nakala ya hukumu NA nakala ya tuzo zenye muhuri wa mahakama. Hukumu ni yale maelezo marefu ya hakimu, tuzo ni ile karatasi fupi inayosema nani alipe nini, na inayokaziwa ni tuzo. Mimi nilirudishwa mara mbili kwa sababu nilibeba hukumu peke yake.

Halafu kaa chini upige hesabu. Chukua daftari, andika mwezi, alitakiwa kutoa ngapi, alitoa ngapi, bado ngapi. Mfano amri ni 150,000 kwa mwezi, miezi 14 imepita ni 2,100,000, alishatoa jumla 660,000, anadaiwa 1,440,000. Toa taarifa ya miamala ya simu yako kwa kipindi chote, na kama mlikubaliana alipe benki toa stetimenti. Ndugu yangu hapa kuwa mkweli hata kama una hasira naye, kama alikuletea elfu hamsini mkononi kwenye msiba wa shangazi akasema ni ya matunzo, iandike. Kwenye fomu utaulizwa umeshapokea kiasi gani, ukificha halafu akaja na meseji yako ya "nimepata asante" hakimu hatakuamini tena hata kwenye yale ya kweli. Na usiache madeni yarundikane miaka ukisema nitayadai yote siku moja. Tuzo unaweza kuomba ikaziwe ndani ya miaka 12, hilo ni kweli, ila ukipitisha mwaka mmoja bila kuomba lazima kwanza aitwe aje aseme kwa nini isikaziwe, unakuwa umempa muda wa kujipanga, na mali zinauzwa jamani, zinaandikwa majina ya wadogo zake.

Sasa hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mahakama itakuuliza unataka ikusaidieje, na huwezi kujibu hilo kama hujui hela yake iko wapi. Tafuta kabla ya kufungua maombi, kimya kimya, bila kumtishia kwa meseji maana ukimtishia anahamisha. Anafanya kazi wapi, mwajiri anaitwaje kwa jina kamili, kama ni mtumishi yuko halmashauri gani au idara gani. Mshahara unapita benki gani tawi gani. Ana gari, bodaboda, bajaji? Andika namba za usajili. Ana kiwanja? Kiko wapi, kitalu namba ngapi, kama hakijapimwa mwenyekiti wa mtaa anamjua nani mwenyewe. Ana fremu ya biashara? Piga picha kutokea barabarani, usiingie kufanya fujo. Picha za kwenye harusi mlipokuwa pamoja zinakusaidia kuliko unavyodhani, mimi namba ya gari lake niliipata kwenye picha ya kipaimara cha mtoto.

Maombi yanafunguliwa kwenye mahakama ileile iliyotoa tuzo. Kama kahamia mkoa mwingine au mali iko huko usikate tamaa, unaomba tuzo ihamishiwe mahakama ya kule ikakaziwe. Kwenye fomu utajaza namba ya kesi, majina ya pande zote, tarehe ya tuzo, kama kuna rufaa, kilicholipwa, kinachodaiwa, na njia unayotaka. Kuna ada ndogo, utapewa kontro namba utalipa kwa simu. Kiswahili kinaruhusiwa, tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 ndiyo lugha ya mahakama, kwahiyo asikutishe mtu kwamba lazima umlipe wa kukuandikia Kiingereza.

Kuhusu njia, nakupa maoni yangu. Kama ameajiriwa, komaa na mshahara. Mahakama inamwandikia mwajiri akate kila mwezi alete, na ikishaanza hakuna tena kupigiana simu, hakuna "nitakutumia jioni". Hawakati wote, sheria inamwachia cha kuishi, lakini kinachokuja kinakuja. Ya pili kwa ubora ni pesa iliyoko benki, unaomba amri benki wazuie na walipe kiasi cha deni, ila hii inataka ujue benki sahihi na iwe na kitu ndani siku amri inapofika, sasa akisikia mapema anatoa zote.

Njia ya tatu ni kukamata mali na kuuza, anayefanya ni dalali wa mahakama mwenye barua ya mahakama. Siyo kaka zako, nasisitiza, siyo kaka zako na wala siyo bodaboda wa kijiweni. Ukienda kubeba friji yake mwenyewe unageuka mtuhumiwa. Na jua vitu visivyoguswa: nguo, vyombo vya kupikia, vitanda, vifaa vya ufundi anavyofanyia kazi, na nyumba anayoishi na familia yake. Wengi wanataja nyumba kwanza kwa hasira halafu maombi yanakwama, taja gari, kiwanja kitupu, bidhaa za dukani, nyumba ya kupangisha.

Mwisho kabisa ni kifungo cha madai. Najua ndicho watu wanakitamani. Ataitwa kwanza ajieleze kwa nini asifungwe, na wengi hela zinapatikana ghafla wakishapokea huo wito, kwahiyo kama tishio kinafanya kazi. Lakini akiingia kweli, gharama za kumlisha kule unalipa wewe uliyeomba, ndio, wewe, usipolipa anatoka. Hawezi kukaa zaidi ya miezi sita, deni halifutiki akitoka ila hawezi kufungwa tena kwa tuzo ileile, na muda wote huo hafanyi kazi. Mtu ambaye kweli hana kitu usimpeleke huko, unapoteza pesa na haupati kitu. Mtu mwenye nacho anayeficha, huyo sawa.

Kuhusu polisi. Polisi hawakusanyi madeni ya mahakama, ukienda kituoni na tuzo watakurudisha mahakamani na wako sahihi. Ila akianza kukutishia au kukupiga kwa sababu umemdai, hilo ni la dawati la jinsia, siku hiyohiyo, usiliunganishe na deni.

Atakuja na visingizio. Atasema nimekata rufaa. Rufaa peke yake haisimamishi kukazia, lazima awe na amri ya mahakama ya kusimamisha, muulize iko wapi. Atasema nimeachishwa kazi. Inawezekana ni kweli, na sheria inamruhusu aende kuomba amri ibadilishwe hali ikibadilika, ila ni kazi yake kwenda kuomba, hawezi kujipunguzia mwenyewe sebuleni kwao. Mlango huohuo uko wazi na kwako, kama laki na nusu ya miaka sita iliyopita hainunui tena kitu au yeye kapandishwa cheo, omba iongezwe. Na ukirudi mbele ya hakimu unaweza kuomba aweke dhamana ya malipo yajayo, watu hawaliombi hili na lipo kwenye sheria.

Kama huna hela ya wakili, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo wilaya nyingi na huduma yao ni bure. Dar unaweza kwenda TAWLA (chama cha wanasheria wanawake), WLAC (kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake) au Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Nenda na bahasha yako yote, tuzo, daftari la hesabu, miamala, namba za gari, usiende na maneno matupu.

Akikubali kulipa baada ya wito, na atataka mmalizane nje, usikubali mdomoni. Mwambie sawa, twende tukaandike mbele ya hakimu, deni kiasi gani, awamu ngapi, tarehe zipi, na yale ya kila mwezi yanaendelea palepale. Kila anachotoa nje kipelekwe mahakamani kiandikwe kwenye jalada. Mimi awamu ya kwanza aliniletea na shemeji yangu kama shahidi, tukaenda wote watatu masijala ikaandikwa, na awamu ya tatu alipochelewa siku kumi na mbili sikumpigia simu, nilirudi dirishani na namba yangu ya kesi.