Somo: Kumbukumbu za matibabu kwenye simu, daktari mgeni azielewe

Daktari wa zamu asiyekufahamu ana dakika chache tu. Picha za vyeti zilizochanganyika na za harusi hazimsaidii. Mwandalie ukurasa mmoja wa muhtasari, vyeti vifuate nyuma.

1. Muhtasari. Andika jina, mwaka wa kuzaliwa na namba ya ndugu wa kupigiwa. Kinachofuata ni mzio wa dawa, pamoja na kilichotokea. "Penisilini, uso ulivimba" ni onyo kubwa. "Penisilini, nilichafukwa na tumbo" huenda ni maudhi tu ya dawa. Ukiandika "penisilini" peke yake, daktari anabaki kubahatisha. Ongeza magonjwa ya kudumu (kisukari, presha, pumu, selimundu) na upasuaji. Kundi la damu si lazima: hospitali hupima upya kabla ya kukuongezea damu.

2. Dawa. Nakili jina la dawa yenyewe, mara nyingi lenye maandishi madogo kwenye boksi, kwa kuwa jina la kibiashara hubadilika nchi kwa nchi. Mfano: metformin mg 500, 1×2, tangu Machi 2024. Dawa uliyoacha usiifute. Andika uliacha lini na kwa nini.

3. Vipimo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mashine moja ya sukari inasoma 7, nyingine 126, na sukari ni ileile: ya kwanza ni mmol/L, ya pili mg/dL (zidisha ya kwanza kwa 18). Kwa hiyo andika kizio kila mara, na kama ulikuwa umekula. Presha: tulia dakika 5 ukiwa umeegemea kiti, mkono usawa wa moyo, pima mara 2 ukipumzika dakika 1 katikati. Andika zote mbili na saa.

4. Picha za vyeti. Piga mchana karibu na dirisha, kona zote 4 zionekane. Lipe faili jina linaloanza na mwaka, 2025-03-14-eksirei-kifua, yatajipanga yenyewe. WhatsApp tuma kama faili, maana picha ya kawaida hubanwa na tarakimu ndogo hufifia.

5. Usiri. Simu iwe na neno la siri. iPhone na simu nyingi za Android zina sehemu ya taarifa za dharura inayosomeka bila kufungua simu: weka mzio, dawa na namba ya ndugu. Usichotaka kisomwe na mpita njia kiache ndani. Nakala moja iwe nje ya simu.

Maswali ya wanachama

*Mama anatumia kitochi. Afanyeje?*
Fupisha muhtasari uwe SMS moja, herufi 160, ikae kwenye simu yake na yako. Nakala ya karatasi iwe ndani ya daftari lake la kliniki.

*Nikipiga picha kadi ya mtoto, naweza kuiacha nyumbani?*
Hapana, nenda nayo. Muuguzi anajaza chanjo humo. Piga picha kila baada ya hudhurio, ikipotea uwe na ushahidi wa chanjo alizopata.

*Naenda Muscat kikazi, nibebe nini?*
Muhtasari kwa Kiingereza na barua ya daktari kuhusu dawa zako. Cheti cha homa ya manjano beba chenyewe, chenye sahihi na muhuri. Tangu 2016 kinatambuliwa maisha yote, hata kama kimeandikwa miaka 10.

*Programu gani ya bure ni nzuri?*
Jaza taarifa za siku moja, kisha jaribu kuzitoa kama PDF. Ikikataa, iache: siku ikifungwa itaondoka na kumbukumbu zako.